Mlango Uliocheka

Nyumba ile ile,
Nyuma ya stoo ya mbao,
Mlango wa kijani (rangi imebabuka, lakini ni ule ule).

Jumamosi, tarehe 28.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa Mama, Kijiti wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko machimboni, zikukute umesimama kwa miguu yako miwili, unakula unashiba, unalala unaota. Kifua je? Kile kikohozi cha vumbi kimekuacha, au bado mnalala kitanda kimoja? Wifi yangu hajambo? Mwambie ile picha aliyotuma nimeipokea na nimeiweka kwenye kioo cha kabati. Watoto wamenenepa, na wewe pia, maana niliona kitambi kimeingia kwenye picha kabla yako. Tusikuite Kijiti tena, tukuite Gogo.

Mimi ni mzima. Nyonga ya kushoto inanigomea kila asubuhi, naibembeleza mpaka inakubali, tunaamka pamoja. Macho yanaona mbali kuliko karibu, masikio yanasikia yanayoyataka. Kazi bado nafanya. Beseni ni zile mbili, pasi ya mkaa ni ile ile, na makoti meupe ya waganga wa zahanati bado yanakuja kila Jumanne yakiwa na madoa ambayo siulizi ni ya nini.

Utaona mwandiko huu ni mpya. Karani wa stoo aliyekuwa akiniandikia nimemwachisha. Alikuwa ananifupisha. Nikisema maneno kumi anaandika mawili, halafu ananiambia, “Bibi, nimeshaeleweka.” Umeeleweka wewe au mimi? Huyu wa sasa nimemwambia, andika kama ninavyosema, hata nikikohoa andika. Anaandika. Utamjua huko mbele.

Na kwa nini sikupigi simu? Nimepiga siku tatu mfululizo. Anapokea yule mwanamke wa kwenye simu, ananiambia hupatikani. Nikamwuliza, wewe unayepatikana kila siku ni nani kwake? Akarudia yale yale. Najua, huko kwenu mpaka mtu apande mlima ndipo simu ishike. Na hata ungepatikana, ungenikatiza. Barua haikatizi mtu.

Sasa, jambo lenyewe ni chumba chako. Kaa chini kwanza. Hakijaungua, hakijabomoka, panya hawajakila. Lakini nikianzia hapo utakasirika kabla hujacheka, na mimi nataka ucheke kwanza. Kwa hiyo nianzie mbali kidogo, na wewe usiruke mistari.

Unalikumbuka lile ghala la magunia, pale mlipokuwa mnacheza mpira ukutani mpaka mlinzi anawafukuza na fimbo? Lilikaa tupu miaka. Miezi saba iliyopita wakaletwa watu humo, watu waliokimbia vita kwao. Waliingia kama familia arobaini, kila moja ikajigawia kipande, ukuta ni blanketi lililotundikwa kwenye kamba. Mtu akikohoa upande huu, wa upande ule anamwambia pole. Watoto wao wakaingizwa shule, wakaanza kushika lugha yetu, na kwa jinsi watoto walivyo, matusi ndiyo waliyoyashika kwanza.

Miezi miwili iliyopita likatoka tangazo. Mwenye ghala analitaka ghala lake. Mwisho wa mwezi huu, yaani keshokutwa tarehe thelathini, malori yanakuja. Aliyepata chumba hapa mtaani, na mwenye nyumba akaenda ofisini kumdhamini, anabaki na watoto wanaendelea na shule. Ambaye hakupata anapanda lori kwenda kambini, safari ya siku mbili, na shule ya huko inasemwa tu kuwa ipo. Ndipo wakaanza kutembea nyumba kwa nyumba, wakibisha hodi.

Hapa kwangu alikuja mama mmoja na watoto wawili. Si watoto wake, ni wa dada yake. Huyo dada walipotezana naye njiani, usiku wa kukimbia, na mpaka leo wanamtafuta. Mkubwa ni msichana, miaka kumi na miwili, vidole vina wino mpaka kwenye kwapa, mtaa wote unamwita Wino. Mdogo ni mvulana wa miaka mitano, mnene kama mto uliojazwa sufi, sijui alinenepea wapi na njaa ile.

Niliwakaribisha. Chai nikawapa, mkate nikawapa, na maneno nikawapa, si unanijua. Niliwaeleza habari ya nyonga, ya Baba na ugomvi wake na yule punda, na yako wewe ulivyomeza kifungo ukiwa na miaka mitatu. Yule mdogo akalala mezani. Halafu yule mama akaniuliza taratibu, kile chumba cha uani kilichofungwa, kina mtu?

Nikajibu, “Kina mwenyewe.”

Akaniuliza, “Anarudi lini?”

Nikamwambia, “Karibuni.”

Wakashukuru, wakaondoka. Nami sikuona nimekosea, kwa sababu sikusema uongo. Kina mwenyewe. Ulikuja kwenye msiba wa Baba, ukalala humo siku nne, ukaniambia, “Dada, chumba changu usimpe mtu, nitarudi.” Miaka kumi na moja hiyo. Ukiongeza na ile kumi na moja ya kabla, tangu ulipoondoka kwenda machimboni, ni ishirini na miwili nakifagia kila Jumamosi.

Haya, sasa ndiyo nafika kwenye kucheka.

Kuna binti mmoja anafundisha watoto wa ghalani mchezo wa kuigiza. Ana filimbi shingoni, watoto wakikosea anapuliza, wakipatia anapuliza, basi tunamwita Mwalimu Filimbi. Akaja hapa akaniambia, “Bibi, Jumapili watoto wanaonyesha mchezo wao, watu wote wa mtaa wamealikwa, tuna kila kitu ila pazia. Huna mashuka chakavu?”

Chakavu sina. Mimi dobi, mashuka niliyonayo ni ya watu. Lakini yalikuwepo pale kwenye kamba mashuka mawili ya mwuza nyama, makubwa, yana mawaridi mekundu mekundu, yamekauka na yamenyooka. Mwuza nyama huchukua nguo zake Jumatatu, hajawahi kuja siku nyingine tangu amzike mama yake. Nikajiambia, mchezo Jumapili, nguo Jumatatu, nani atajua? Nikamkabidhi. Nikamwonya tu asitoboe.

Jumapili ile, tarehe kumi na tano, saa tisa mchana ghala limejaa. Waliokalia mabenchi, waliokalia ndoo, waliokalia wenzao. Mimi nikapewa kiti cha mbele kwa sababu ya nyonga. Kushoto kwangu mke wa fundi viatu, yule tunayemwita Mama Redio, usiponiuliza kwa nini utakuwa umeshajua. Na kulia kwangu, mdogo wangu, nani akaja kuketi? Mwuza nyama na mkewe, wameoga, wamechana.

Nikainamisha kichwa kama naokota kitu.

Filimbi ikalia, mashuka yakavutwa huku na huku, na mwuza nyama akasimama wima. “Haya mbona mashuka yangu!”

Watu nyuma wakapiga kelele, “Kaa chini wewe, tunataka kuona!”

“Nasema hayo mashuka ni ya kitandani kwangu!”

Mkewe akamvuta shati. “Kaa, mume wangu. Leo angalau kuna kinachofanyika nyuma yake.”

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Mwuza nyama akaketi, akanigeukia, nami nikamwambia polepole kwamba nimeyapeleka yapate hewa. Mpaka leo ananicheka, lakini nguo bado analeta.

Sasa mchezo. Mchezo wenyewe ni wa msafiri na binti yake, wanatafuta pa kulala. Wanapita nyumba kwa nyumba. Jukwaa ni chaga za mbao zimepangwa, kitanda ni makasha mawili, na mlango hawakuwa nao. Mwalimu Filimbi akaona asihangaike. Akamchukua yule mvulana mnene wa miaka mitano, akamsimamisha katikati na mikono ameitandaza, akawa ndiye mlango. Ukitaka kubisha unamgonga tumboni. Ukitaka kufunga unamkunja mkono.

Kosa lao ni kwamba mlango ule una mtekenyo. Kila akigongwa, “Hodi!” ngo ngo ngo, mlango unacheka. Anajikaza, anauma midomo, mashavu yanavimba, halafu anapasuka, hi hi hi hi, na sisi sote naye. Nimeona milango ya kila aina, inayolia, inayokwama, hata ule wa shangazi yetu uliokuwa unaanguka. Wa kucheka sikuwa nimeuona.

Nyumba ya kwanza mwenyewe amelala anakoroma, hodi haisikii. Nyumba ya pili ni bwana mwenye muhuri. Anawaomba karatasi, anaigonga muhuri, anaomba ya pili, anaigonga, anamgonga binti muhuri kwenye paji la uso, anamgonga mlango, kisha anawaambia amechoka warudi kesho. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Nyumba ya tatu akatoka bibi. Loo, bibi yule! Ni yule msichana Wino amejifunga vitambaa, amejitia unga kichwani kuwa mvi, anatembea amelalia upande mmoja kama gari lililopoteza gurudumu. Akafungua mdomo na asiufunge. Anawapa wageni chai, anawasimulia habari za punda. Anawasimulia habari za kifungo. Msafiri anaanza kusinzia, bibi anamwamsha amalizie. Watu wanagaragara. Na mimi, mdogo wangu, ndiye niliyecheka kuwapita wote. Nilipiga mapaja, machozi yakanitoka. Nikamwambia Mama Redio, “Huyu bibi wamemtoa wapi na domo lote hili?”

Halafu msafiri akauliza kama kuna chumba. Bibi akasema, “Kipo, lakini kina mwenyewe.” Akafungua fundo kwenye pindo la nguo, akatoa ufunguo, akaenda kwenye chumba kitupu na ufagio. Akasimama, akabisha. “Hodi!” Kimya. Basi bibi akakimbia akazunguka upande wa pili, akafanya sauti nzito ya kiume, “Karibu, Dada!” Akazunguka tena, akaingia, akafagia. Akamaliza, akalitandika kasha, akaliambia, “Haya, kaka, mpaka Jumamosi.”

Nikacheka hapo pia. Nikamwambia Mama Redio, “Maskini, bibi huyu ana wazimu kidogo.”

Mama Redio hakucheka. Akaniangalia, akasema polepole, na yeye hajawahi kusema kitu polepole, “Mwenzangu, hebu shika hapo kwenye pindo la nguo yako.”

Nikashika. Ufunguo wako ule pale, kwenye fundo.

Nyani haoni kundule, wahenga walisema, nami siku hiyo nilikuwa nyani aliyepewa kiti cha mbele. Kwa sababu ndivyo ninavyofanya, Kijiti. Sikuwahi kukuambia. Kila Jumamosi nikienda kufagia chumba chako nabisha hodi kwanza, maana mtoto mkubwa haingiliwi chumbani hivi hivi. Na kwa kuwa hakuna wa kuitika, najiitikia mwenyewe. Sauti ya kiume sifanyi, hiyo waliongeza. Lakini mengine yote ni mimi. Wino alikuwa akija kuchukua maji kwenye bomba letu, kumbe anaona.

Mchezo ukaendelea na mimi nimekauka. Binti wa msafiri, mtoto wa kama miaka sita, akamwuliza bibi, “Mwenyewe anarudi lini?” Bibi akasema, “Kesho.” Mtoto akauliza, “Kesho ya lini?” Bibi akamgeuzia mgongo. Akaushika mkono wa mlango ili aufunge. Yule mtoto akaketi chini akaanza kulia, kama walivyomfundisha. Tatizo alilia vizuri mno. Alilia na kamasi.

Mlango ukamtazama. Mlango ukaacha kucheka. Bibi akaukunja mkono, ukakunjuka. Akaukunja tena, ukakunjuka. Halafu mlango ukateremsha mikono yote miwili, ukatoka mahali pake, ukaenda ukaketi kando ya yule mtoto, ukaanza kumfuta kamasi kwa shati lake.

Mwalimu Filimbi akanong'ona kwa nguvu, “Wewe! Rudi!” Akapuliza filimbi. Mvulana akamwangalia, akasema, “Mwalimu, analia kweli.”

Wino amebaki pale peke yake na unga wake kichwani, mkono umeshika hewa. Akatazama huku, akatazama kule. Akasema, kwa sauti yangu mimi, na nyonga yangu ameilalia vile vile, “Mlango wenyewe umeondoka. Sasa nifunge nini?”

Kisha watu wakasimama. Walipiga makofi, walipiga ndoo, mwuza nyama alikuwa analia waziwazi anajifuta na kofia. Yule msafiri na bintiye, kwa kuwa mlango haukuwepo tena, wakaingia tu chumbani wakakaa kwenye makasha. Sivyo walivyofundishwa. Walifundishwa mlango ufungwe, waondoke wakiimba. Nao wimbo wakausahau. Mawaridi ya mwuza nyama yakafungwa, mchezo ukaisha.

Nilirudi nyumbani bila kuongea na mtu. Mama Redio alipita akiuliza kama naumwa.

Nikafungua chumba chako. Sikubisha. Niliona haya hata ya kubisha. Nikaketi kitandani nikatazama. Viatu vyako vya mpira vipo, vimekauka kama samaki. Redio ipo. Mashati yako matano yapo, kila mwaka nayapiga pasi, na nikakumbuka ile picha, nikajua hata moja halitakupita mabegani. Namtunzia nani mashati? Mtoto niliyekuwa nikimtunzia ana miaka ishirini na moja, na hayupo huko machimboni wala hapa. Aliyeko huko ni baba wa watu, ana kitambi na mke na nyumba yenye maua mlangoni.

Nikuambie neno ambalo kwenye simu nisingelisema. Sikukifunga chumba kwa sababu uliniambia. Uliniambia mengi na mengi sikuyafuata. Nilikifunga kwa sababu niliona nikimpa mtu, nitakuwa nimekubali kwa mdomo wangu kwamba hurudi. Mama alipokufa ulikuwa na miezi minne. Nilikufunga mgongoni nikafua nguo za watu na wewe humo humo, ukilia nayumba, ukilala nayumba, mpaka leo nikisimama kwenye beseni nayumba bila mtoto. Mgongo haujajua kwamba ulishuka. Sikulaumu, baba. Mtu huenda kuliko na kazi. Nakueleza tu ufunguo ule ulikuwa umefunga nini.

Ndipo nikakupigia simu hizo siku tatu. Nilitaka unipe ruhusa, na nilitaka uninyime pia, sijui nilitaka kipi zaidi. Barua ya kwenda na kurudi ni wiki sita, na malori yana siku kumi tu. Nikaona nikikungoja, nimeshajibu.

Siku ya nne nikaenda ghalani. Nikamkuta Wino anaandika juu ya goti. Aliponiona akasimama amefumba macho kama anayengoja kofi. Nikamwuliza, “Wewe binti, mbona mlinicheka mbele za watu?”

Akasema, “Bibi, hatukukucheka. Walicheka wao.”

Nikamwambia, “Hata mimi nilicheka, ndiyo maana nimekasirika.”

Halafu akanishika mkono akanipeleka nyuma ya blanketi lao. Pale chini kuna mikeka mitatu iliyolaliwa, na wa nne safi, umekunjuliwa, una mto. Akaniambia, “Huu wa Mama. Tunamtandikia kila siku. Na sisi tunamwambia usiku mwema kama wewe unavyomuaga kaka yako. Ndiyo maana nilijua kukuigiza.”

Na wakati ananiambia hivyo, mdogo wangu, juu ya huo mkeka wa mama yao alikuwa amekaa kikongwe wa familia ya jirani, ananyonyesha mjukuu kwa chupa. Nikauliza, na huyu? Wino akashangaa. “Huyu mgeni, Bibi. Mgeni tunamkalisha wapi? Mama akija atampisha.”

Nilitafuta jibu. Mimi! Mdomo huu ambao hauna kifuniko! Nikamwambia tu akamwite mama yake mdogo twende ofisini.

Ofisini karani akaniuliza, “Chumba ni chako?” Nikasema ni cha mdogo wangu. Akasema, “Basi lete kibali cha mwenyewe.” Nikamwambia, “Mwenyewe nilimbeba mgongoni miaka mitatu. Kama unataka kibali, pitisha mkono hapa kwenye uti wa mgongo, utakikuta kimeandikwa.” Watu kwenye foleni wakamzomea. Akanisogezea kisahani cha wino, nikaweka dole gumba.

Waliingia Jumatano. Wamekuja na mikeka minne, sufuria mbili, na yule mlango anayecheka. Mtaa wote sasa unamwita Mlango, hata shuleni anaitika. Fundi seremala wa stoo amekaza miguu ya kitanda chako, alikuwa anangoja miaka mingi kukigusa. Redio yako na viatu na sanduku lako viko chini ya kitanda changu, hakuna atakayegusa. Mashati nimemshonea Mlango suruali mbili kwa mawili, matatu nimekuwekea. Yule mama mdogo ana mikono ya chuma. Amekamua mashuka ya mwuza nyama yakatoka karibu makavu, nami nyonga yangu imepumzika. Mkeka wa nne wameutandika chini ya dirisha. Ukija kabla ya mama yao, utaukalia. Mama yao akija kabla yako, atapata kitanda chako. Mkija pamoja tutabanana, tumewahi kubanana zaidi ya hapo.

Na mwandishi wangu umeshamjua. Ndiye huyu, vidole vyake vimenichafulia kitambaa cha meza. Alipofika pale kwenye mkeka aliacha kalamu akatoka nje kidogo, nikamngoja, akarudi. Ukitaka kukasirika, kasirika kwa barua ndefu, ila ujue atakayenisomea ana miaka kumi na miwili, kwa hiyo chagua maneno.

Nisalimie wifi yangu mno, umwambie namwombea mgongo wake unaomsumbua. Nisalimie wanangu wote wawili, waambie shangazi yao bado ana meno ya mbele. Msalimie yule rafiki yako dereva aliyeniletea kile kitambaa. Huku wanakusalimu Mama Redio na mumewe fundi viatu, fundi seremala, mwuza nyama, na karani wa stoo, ingawa amenuna. Yule mama anakusalimu, anakuita Mwenyewe. Watoto nao wanakuita hivyo hivyo. “Bibi, Mwenyewe anapenda sukari nyingi?” Wamekuuliza mambo mengi juma hili kuliko nilivyoulizwa miaka kumi.

Mungu akuweke juu ya udongo, wewe na wenzako, akutoe machimboni salama kila jioni, akupe pumzi ya kutosha na uzee usio na nyonga. Mlango wake kwako usifungwe.

La mwisho, kisha nakuacha. Leo asubuhi, kwa kuwa ni Jumamosi, miguu yangu yenyewe ilichukua ufagio ikaenda uani. Nimefika mlangoni kwako nikasema, kama siku zote, “Hodi!” Na kwa mazoea nikafungua mdomo nijiitikie.

Sikuwahi. Waliitika wao, wote watatu kwa pamoja, na mmoja wao anacheka.

“Karibu!”

Ni mimi dada yako akupendaye, aliyekubeba mgongoni na hajakutua mpaka leo.

(Dole gumba langu hili hapa. Lingine, dogo, lenye mafuta, ni la Mlango. Amekataa kubaki nje.)